Mzee Aliyeogopa Kunenepa

Wiki niliyoagwa, wauguzi wa wodi ya wanaume waliniomba niwaandikie niliyojifunza kazini. Nadhani walitaka maneno machache ya kubandika ukutani. Watanisamehe. Mtu aliyefanya kazi akiwa amesimama maisha yake yote, akipewa kiti na kalamu hanyanyuki upesi.

Vyeo sitavitaja. Vilikuja kwa kuchelewa kama mvua zetu za huku, na vingine vilipita juu vikaenda kunyesha kwa wengine.

Nilizaliwa Ushirombo, Msumbwa kwa baba na kwa mama. Nilianza kazi miaka ya sitini, nikiwa msichana mbichi kutoka chuoni, katika hospitali ya misheni upande wa Kahama, njia ya kuelekea Geita. Wagonjwa waliniita Sista, ingawa utawa sikuuweza. Niliolewa, nikazaa, na mume wangu hadi leo hucheka akisikia nikiitwa hivyo sokoni. Siku ya kwanza nilipangiwa wodi ya wanaume. Nilikwenda chooni nikalia, kisha nikanawa uso nikaingia kazini.

Mngelia pia. Nusu ya vitanda vilikuwa na wazee waliozibwa mkojo, watu wa umri wa baba yangu, na kazi yangu ilikuwa kuwapitishia mpira. Kwetu binti hatazami hata mahali baba yake anapooga. Aliyeniokoa ni Mzee Anatoli, mfungavidonda wa zamani aliyekuwa pale kabla hospitali haijapata bati. Alinichukua pembeni akaniambia, "Kwanza unamwamkia, ndipo unamfunua. Ukimfunua kabla ya kumwamkia, umemvua nguo mara mbili." Nimefundishwa mengi na watu wenye vyeti vikubwa, lakini hilo ndilo nililolitumia kila siku.

Vifaa vyetu mngevicheka. Mipira ya mkojo tuliichemsha tukaitumia tena mpaka ikaanza kunata vidoleni. Glavu tulizifua, tukazipuliza kama vibofu vya watoto ili kutafuta matundu, tukazitia poda, tukazirudisha kazini. Miaka ya themanini ilipokuja na sabuni ikaadimika, wengine waliona dunia imeisha. Sisi wa wodi ya wanaume tuliona ni mwendelezo tu.

Kifaa nilichokipenda ni mizani, ile ya kusimama yenye vyuma vya kusogeza. Kumpandisha mgonjwa juu yake ilikuwa kazi kuliko kumchoma sindano. Mkulima wa pamba alikuwa na kisa chake na mizani ya kununulia pamba, na mchimbaji wa Geita alikuwa na chake na kimizani cha mnunuzi wa dhahabu. Mtu akisikia neno mizani tu, uso ulikunjamana. Mmoja alipanda, akasoma kipimo, akashuka, akakagua chini ya kibao kama kuna mguu wa mtu. Nilimwambia, "Baba, hapa hatununui." Akajibu, "Ndivyo wanavyosema wote."

Mzee Anatoli alinifundisha pia kwamba uzito si mwili peke yake. Unabonyeza goko la mguu kwa dole gumba, unaachia. Shimo likibaki, hayo ni maji, usimpongeze mgonjwa. Ngozi ikirudi, hiyo ni nyama, mpongeze. Niliwahi kumwona mtu akizidi uzito kila wiki huku ndugu zake wakishangilia, naye alikuwa anazama.

Sasa niseme juu ya ugonjwa wenyewe. Siku hizi mnasema tezi dume, mnalitamka bila haya hata redioni. Sisi tulisema "ugonjwa wa wazee", basi. Waliugua wakajificha. Mmoja alidhani ni kisonono cha ujanani kimerudi kumdai, mwingine alidhani kategwa njiani na jirani. Wengi waliacha kunywa maji ili wasipate haja ndogo, na kwa jua la Shinyanga hiyo ni njia fupi ya kufa. Walitufikia tumbo limevimba, au mgongo unauma hawawezi kupanda baiskeli, na ndipo daktari wetu, Mhaya mmoja mpole mwenye vidole virefu, alipowapima na kukuta tezi limekuwa gumu kama jiwe. Hapo hakuhitaji kusema kitu. Nilimsoma usoni.

Tiba ya wakati ule ilikuwa moja. Daktari alitueleza hivi: saratani ya tezi hula nguvu itokayo kwenye korodani. Ukiziondoa, inasinzia. Haifi, alisisitiza, inasinzia tu, lakini mtu anaweza kupata miaka. Vilikuwapo pia vidonge vya kufanya kazi hiyo hiyo bila kisu, ila vilikuja vikikatika, na vilijaza watu maji mpaka moyo ukashindwa. Kwa hiyo tulikata.

Baada ya hapo ilibaki mizani. Sikuwa mtafiti na sitajifanya mmoja leo. Nasema nilichokiona kwa macho. Waliokuja wamekwisha konda, mashavu yameingia ndani, wengi hawakurudi kuonwa mara ya pili. Walioshika mwili wao baada ya kisu, wakala, wakatembea, hao tuliwaona mwaka hadi mwaka. Waliofura kupita kiasi nao hawakukaa sana. Lakini hofu yetu kubwa ilikuwa kukonda. Kilo zikishuka, daktari alikunja uso, akasema, "Imeamka."

Mzee Luhende aliletwa miaka ya sabini, baada ya watu kuhamishiwa kwenye vijiji. Alikuwa mfugaji na mkulima wa pamba kutoka vijiji vya karibu na Kagongwa, mtu mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa. Alikuja juu ya mkokoteni wa ng'ombe, amelala kifudifudi kwa maumivu ya mgongo, na mkewe, Mama Sayi, akitembea kando yake ameshika mwavuli kumkinga jua. Nilimwamkia, nikampitishia mpira, na maji yalipotoka alifumba macho akasema, "Wabeja, mayu." Ahsante, mama. Mimi wa umri wa binti yake.

Daktari alipomaliza vipimo alimweleza kwa uangalifu, operesheni ndogo, tezi, nguvu, kusinzia. Mzee Luhende alisikiliza hadi mwisho.

"Daktari," alisema, "sema kwa lugha ya ng'ombe, nitakuelewa. Mtanihasi?"

"Ndiyo, mzee."

"Nisipokubali?"

"Huoni mavuno mengine."

Alitazama dirishani. Kisha akasema binti yake wa mwisho, Kabula, bado hajaolewa, na hataki aozwe na baba zake wadogo. Akakubali kwa sharti moja: asijue mtu. Wala wanawe wa kiume. Daktari akauliza, "Na mama?" Mzee akasema, "Mama Sayi ataona mwenyewe. Yeye si mtu wa kuambiwa."

Kisu kilikwenda vizuri. Katika juma lile lile mgongo uliacha kuuma, na sijui kama kuna furaha nyingine kazini kama kumwona mtu aliyeletwa kifudifudi akienda mwenyewe kuota jua. Aliporudi kuonwa, kilo zilikuwa zimepanda. Nikabonyeza goko, ngozi ikarudi. Mara iliyofuata zilipanda tena, mashavu yamejaa, ngozi imelainika. Daktari alisogeza chuma cha mizani akicheka kama mtoto. Nilimwambia mzee, "Baba, umenenepa!" kwa namna tulivyozoea kusifu mtu wa huku aliyetoka ugonjwani. Hakucheka. Alishuka akavaa viatu vyake vya matairi, akaaga.

Mara ya tatu alirudi amekonda.

Si kidogo. Shati lilimning'inia. Daktari alimpima upya, na hapo akachanganyikiwa, maana tezi lilikuwa limenywea, mkojo unapita, mgongo hauumi. "Unakula, mzee?" "Nakula." Alirudi tena, amepungua zaidi. Daktari akaanza kuandaa safari ya kumpeleka Dar es Salaam, labda saratani imejificha mahali tusipopaona. Kwa mtu wa kule, safari hiyo ilimaanisha kuuza ng'ombe na kuaga watu kabisa.

Mama Sayi ndiye aliyetuzuia. Alinikuta nyuma ya hospitali, kwenye banda ambako ndugu hupikia wagonjwa wao, akavuta kigoda karibu na mafiga akaniambia niketi. Alikuwa mwanamke mfupi asiyepoteza maneno.

"Sista, msimpeleke mbali. Baba Sayi haumwi. Anakataa chakula."

"Anasema anakula."

"Anakula kwa macho. Anamega tonge, analikamata mkononi mpaka linapoa, anampa mjukuu. Wenzake kwenye shikome wakimuuliza, anawaambia daktari amemkataza. Kijiji kizima kinawatukana nyinyi."

Shikome ni ule moto wa uani ambapo wanaume wa Kisukuma hukaa jioni na kula pamoja. Zamani kila kaya ilikuwa mbali na nyingine, na shikome la mtu lilikuwa la wanawe tu. Vijiji vilipopangwa mistari, majirani nao walikaa hapo, na kila tonge likawa na mashahidi.

Nikamuuliza kwa nini anajinyima. Akachochea moto kwanza, ndipo akanisimulia habari ya mnadani.

Mzee Luhende alikuwa na mtani wake wa ukoo, Mabula, mnunuzi wa ngozi, mwenye sauti ya kusikika toka mwisho mmoja wa mnada hadi mwingine. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na ukikasirika wewe ndiye mkosaji. Siku hiyo Mabula alimwona mwenzake akipita kati ya ng'ombe, amenawiri, ngozi inang'aa. Akamwendea, akamdunga kidole ubavuni kama mnunuzi anavyopima mnyama, akapaza sauti: "Jamani, maksai huyu wa nani? Nitajieni bei!"

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mzee Luhende naye alicheka. Ilimbidi.

Wauguzi mliokulia mjini, niwaeleze. Maksai ni fahali aliyehasiwa. Huku kwetu, ambako shamba hulimwa kwa plau, mtoto kabla ya kujua kuhesabu anajua kwamba fahali ukimhasi anatulia, shingo inalainika, ananenepa. Unene ndio alama. Sisi hospitali tulishangilia kila kilo iliyorudi, na yeye kila kilo ilimtangaza. Mabula hakujua kitu; alitania kama alivyowatania wanene wote. Lakini jiwe la kipofu nalo hupiga.

"Mama, wewe ulijua tangu lini?" nilimuuliza.

Alinitazama kama aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Sista, nimelala na mtu huyu tangu kabla hujazaliwa."

Nilimweleza daktari. Alivua miwani yake, akakaa. "Kumbe tumeifukuza saratani," alisema, "na sasa anakufa kwa njaa." Tukamwita mzee ofisini, na mkewe. Daktari alimsihi kwa maneno mazuri, kwamba mwili ndio ghala yake, kwamba ugonjwa ukiamka ukamkuta mtupu hautahangaika naye hata mwezi. Mzee Luhende alisikiliza kwa adabu.

"Daktari, kwenu mnalima migomba. Hujachunga ng'ombe. Mimi mtu akinitazama shavu tu amekwisha nivua suruali." Akaongeza, "Afadhali nife mwembamba nikiwa mwanamume."

Nilikuwa na hasira, niseme kweli. Hasira ya mtu aliyechemsha mipira na kuosha vidonda ili huyu aishi. Nilitaka kumtikisa. Mama Sayi ndiye aliyesimama. Hakupaza sauti.

"Baba Sayi. Tumezaa, tumezika watoto wawili, tumelima jangwa likawa shamba. Siku zote hizo chakula changu umekilia uani na wanaume. Mimi sijawahi kukuona ukitafuna. Sasa utakula ndani, kwenye mafiga yangu, mchana, wenzako wakiwa machungani. Wakikuuliza umejaa nini, waambie dawa za hospitali zinavimbisha. Ukikataa hilo, basi uwaite wanao uwaambie mwenyewe kwamba umechagua Kabula aozwe na baba zake wadogo kwa sababu ya mdomo wa Mabula."

Mwanamume wa Kisukuma kula jikoni kwa mkewe wakati huo ilikuwa aibu kubwa. Aibu mbili zilikuwa mbele yake, moja ya kufa na moja ya kuishi, na mkewe alikuwa amemsogezea ile ya kuishi mpaka miguuni. Mzee alitazama mikono yake. Akasema, "Utaweka pazia mlangoni?" Mama Sayi akasema, "Nitaweka." Nikawapa mgongo, nikajifanya natafuta kitu kabatini.

Alikula. Maziwa ya mgando, karanga, matobolwa yale ya viazi vitamu vilivyokaushwa, ugali wa mtama, ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la kanga. Kilo zilirudi, si zote, na alipofika kiwango fulani alikataa kuongeza, tukapatana hapo kama watu wa gulioni. Siku moja Mabula mwenyewe alikuja hospitalini na ngozi zake juu ya baiskeli, akaniuliza waziwazi, "Sista, mtani wangu anajaa nini? Simwelewi siku hizi, nikimtania ananitazama tu." Nikamwambia habari za mgonjwa ni za mgonjwa. Akasema, "Basi mwambie namsalimia." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema kwa sauti ndogo.

Kwa hiyo, wanangu wa wodi ya wanaume, mgonjwa wenu akishuka uzito, pimeni yote mliyofundishwa. Kisha muulizeni anakula wapi, na nani, na nani anamtazama akila. Hakuna mashine ya swali hilo.

Mzee Luhende alipata miaka. Kabula aliolewa kwa heshima, baba yake akipokea wageni kwa miguu yake mwenyewe. Aliongeza mavuno kadhaa juu ya yale ambayo daktari alisema hatayaona. Kisha ugonjwa ukaamka kweli, kwenye mifupa, na safari hii alikonda akiwa anakula. Tulimpa dawa ya maumivu tuliyokuwa nayo, na tulipokuwa hatuna, Mama Sayi alimkanda kwa maji ya moto. Aliomba akafie nyumbani. Nilimpima mara ya mwisho akiwa amebebwa na wanawe kama mtoto, na namba ile niliifunga moyoni, sikuisoma kwa sauti.

Nilipata ruhusa ya kwenda kuzika. Nilifika nikamkuta Mama Sayi amekaa chini mlangoni, hana machozi, macho makavu kabisa. Akanivuta karibu, akaninong'oneza. "Sista, wanaume wanakwenda kumwosha." Nikaelewa. Alikuwa amelinda siri ile kwa pazia miaka yote, na sasa pazia lilikuwa linafunuliwa. Kwa upande ule, kazi za msiba nyingi ni za watani. Wao huosha, wao huchimba, na kaburini wao ndio humwigiza marehemu na kumsema hadi waliofiwa wacheke. Aliyeingia kuosha alikuwa Mabula. Wana wa marehemu walitaka kuingia naye. Tulisikia akiwafukuza, akisema kazi ya mtani haigawanywi.

Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka, alinawa mikono, akanawa tena. Alimtazama Mama Sayi. Kisha akanitazama mimi, nami nikashindwa kuinua macho. Mtu yule aliyejaa sauti alikuwa amekuwa rangi ya majivu.

Kaburini watu walisubiri utani wake. Jeneza lilishuka, padri akamaliza. Mzee mmoja akamchokoza, "Mabula, vipi? Leo umemeza ulimi?"

Mabula alisogea ukingoni.

"Nimemtania huyu maisha yangu yote," alisema. "Leo nimemwosha kwa mikono yangu, peke yangu, kila mahali. Yule alikuwa dume. Mwenye neno lingine aje aniambie mimi."

Nyuma yangu nilimsikia Mama Sayi akianza kulia. Mabula akachukua jembe akaanza kufukia. Vijana walikuja kumpokea mmoja baada ya mwingine, kama ilivyo desturi, naye akakataa kuliachia mpaka kaburi likajaa.